Dada, nimepata semista Ujerumani lakini bumu langu ndo linaendesha nyumbani

SWALI

Shikamoo dada. Mi nakusoma muda mrefu ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike tu maana nimekosa mtu wa kuniambia ukweli, kila ninaemuuliza ana lake.

Nina miaka 22, nipo mwaka wa pili hapa Dodoma, nyumbani ni Tanga. Mwezi uliopita chuo kilitangaza nafasi 2 za kwenda kusoma semista moja Ujerumani kwa mpango wa Erasmus+, ule wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai. Nikaomba bila kumwambia mtu, hata rumu meti wangu sikumwambia, maana nilijua sipati. Nikaitwa intavyuu, wiki iliyopita barua pepe ikaja nimechaguliwa. Nilijifungia chooni hosteli nikalia mpaka watu wakagonga mlango. Nimepewa wiki 3 za kujibu kama nakubali au naiachia ichukuliwe na anaefuata.

Sasa dada shida yangu ni hii. Baba alifariki nikiwa fomu tuu. Mama anauza maandazi na chai asubuhi, ana presha na dawa ni za kila mwezi, mdogo wangu wa kiume yupo VETA anasomea umeme. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likitoka mi natenga hela yangu ya kula kidogo, inayobaki inaenda kodi ya mama na nauli ya dogo, yaani tangu mwaka wa kwanza ndo hivyo, nimeshazoea na wala silalamiki. Ila nikienda Ujerumani nani atasaini bumu? Maana siku hizi ni alama za vidole na vidole vyangu vitakuwa huko. Nikikosa bumu la semista nzima sijui nyumbani watakula nini.

La pili. Nilipoenda nyumbani kuwaambia, baba mkubwa alifurahi kweli, akasema mbele ya mama kwamba Mungu amefungua njia, nikifika huko nisirudi, nitafute kazi nizamie, chuo nitamalizia mbele ya safari, niwavute na wengine. Mama hakujibu kitu. Usiku nikamsikia analia. Asubuhi wakati anakanda unga akaniambia "mwanangu, mimi nishazika mtu mmoja", basi, hajaongelea tena hilo jambo mpaka leo, hata nikipiga simu ananiuliza tu kama nimekula.

Na sitakudanganya dada, na mi mwenyewe nilishawaza hilo la kuzamia. Nikiangalia ndugu zangu waliomaliza chuo miaka mi4 iliyopita wanaendesha bodaboda na digrii zipo kabatini, nawaza nitarudi kufanya nini.

Halafu darasani wanasema masomo ya huko hayahesabiwi, nitarudi nikute wenzangu wako mbele na mimi narudia semista nzima. Na kuna kaka mmoja ananiambia visa ya Ujerumani haitoki hivihivi, yeye ana mtu wake ubalozini, anataka laki 8.

Niende au niiachie? Naomba unijibu kama mdogo wako wa tumbo moja.

Binti wa Tanga, Dodoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole, na hongera, yote kwa pamoja maana barua yako ina yote.

Nakujibu moja kwa moja halafu ndo tuongee: nenda. Ila uende kama mtu anaerudi, na kabla hujajibu hiyo barua pepe kuna karatasi moja lazima uishike mkononi ikiwa na sahihi zote. Nitakuelezea, tena nitaielezea kwa urefu maana iliniuma mimi mwenyewe.

Mwaka 2011 mimi nilipata nafasi kama hiyo yako kwenda Sweden, kulikuwa na mpango unaitwa Linnaeus-Palme wa kubadilishana walimu na wanafunzi. Nilisoma kweli huko, sikucheza. Nikarudi na matokeo yangu mazuri tu, sasa Sweden wakati ule kozi nyingi walikuwa hawatoi A wala B, wanakupa U ukifeli, G ukifaulu na VG ukifaulu vizuri sana. Nikapeleka karatasi yangu idarani yenye VG 2 na G 2, nikaambiwa hizi herufi hatuzijui, haziingii kwenye GPA, na hizo kozi zenyewe nani alikuruhusu kuzisoma. Nilikuwa sina karatasi. Aliyeniruhusu aliniruhusu kwa mdomo, na alikuwa ameshahamia chuo kingine. Nikarudia semista nzima na nikavaa joho mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, mama yangu alishashona nguo ya mahafali ya mwaka uliopita. Kwa hiyo hao wanaokwambia masomo hayahesabiwi usiwaone wabaya, wanaongea kitu ambacho kimewahi kumpata mtu.

Lakini kwenye mpango wako wewe dawa ipo. Erasmus+ wana mkataba wa masomo, ni fomu inayoandikwa kabla ya safari, inaorodhesha kozi utakazosoma kule, na upande wa pili inaorodhesha kozi za chuo chako zinazofidiwa na hizo. Inasainiwa na watu watatu, wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Hiyo ndo karatasi ninayosema. Usikubali kuambiwa "tutaimaliza ukirudi", hapana, iishe kabla hujakata tiketi.

Sasa namna ya kuijaza ndo kuna kazi. Semista ya wenzetu inahesabiwa krediti 30, sisi huku mwaka mzima wa digrii ni krediti 120, yaani semista ni kama 60, ukiona namba zao ni nusu usishtuke, hawajakupunja, wanahesabu tofauti tu. Chukua prospektasi yako, chukua orodha ya kozi zao za semista ya kiangazi zinazofundishwa kwa Kiingereza (angalia za kiangazi, sio za baridi, ni orodha mbili tofauti, wengi wanachanganya hapo), kaa nazo usiku mmoja ulinganishe maelezo ya kozi moja moja, halafu ndo uende kwa mkuu wa idara. Usiende mikono mitupu kumuuliza "nisome nini", nenda na jedwali umeshalichora, yeye abaki na kazi ya kusema hii ndio hii hapana. Kozi ambayo haina ya kufanana nayo, muulize kama utaruhusiwa kuisoma ukirudi pamoja na mwaka wa chini, moja au mbili haziui. Na ujue ukifika kule unaweza kukuta kozi imefutwa, inatokea, fomu ina sehemu ya mabadiliko na unatakiwa uijaze mapema wiki za mwanzo na idara yako isaini tena. Weka nakala ya kila kitu kwenye barua pepe yako.

Na kingine hapohapo, mdogo wangu, alama. Kwetu GPA ya 5 ndo juu kabisa, Ujerumani 1.0 ndo juu kabisa, 4.0 ndo umepita kwa kubanwa na 5.0 umefeli. Mtu wa mitihani asiyejua akiona umeleta 1.3 anaweza kudhani umeleta msiba. Kwa hiyo kwenye makubaliano yenu na idara iandikwe kabisa alama zitabadilishwaje, au kama zitaingia kama "amefaulu" tu bila kugusa GPA. Chagua lenye nafuu kwako ila lijulikane kabla.

Nimekaa sana hapo, tuje kwenye hela maana najua ndo usiku hulali.

Erasmus+ kwa mwanafunzi anaetoka nchi kama yetu inatoa kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi anayoenda, na hela ya safari ni pembeni, na ada ya chuo cha kule hulipi. Ikibadilishwa kwa shilingi inaonekana nyingi, na najua kichwani ulishapiga hesabu ya kutuma nyumbani. Piga tena. Ujerumani wenyewe tangu Septemba 2024 wanahesabu mwanafunzi anahitaji yuro 992 kwa mwezi ndo aishi, umeona ilivyokaa, yaani bumu lako la huko liko chini ya kipimo chao. Chumba cha hosteli kinachukua sehemu kubwa, bima ya afya ya mwanafunzi ni zaidi ya yuro 100 kila mwezi, bado hujala. Ukijipikia na ukapata hosteli ya chuo utaishi bila shida na kitabaki kidogo. Kidogo hicho ndo cha mama, ila usimuahidi mtu kiasi kabla hujamaliza mwezi wa kwanza kule. Na hiyo tofauti ya 992 na posho yako waulize chuo kinachokupokea mapema, kwamba barua yenu inatosha ubalozini au kuna pengo natakiwa nilionyeshe? Ni swali la kawaida wala halina aibu, wanaulizwa kila siku.

Bumu la huku sasa. Ulivyosema ni kweli, kusaini ni kwa alama za vidole, usiposaini ndani ya muda hela inarudi Bodi ya Mikopo. Usimwachie mtu akufanyie ujanja wowote, wala usisafiri kimyakimya ukitegemea utasaini ukirudi. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo ukiwa na barua ya uteuzi, andika barua rasmi ya kueleza kwamba utakuwa nje semista moja, bado ni mwanafunzi wa chuo hikihiki, na uombe maelekezo ya maandishi kuhusu hela ya chakula na malazi ya semista hiyo na jinsi utakavyorudi kwenye mfumo Oktoba. Jibu linaweza kuwa baya, linaweza kuwa hiyo semista hupati, na hesabu zako uzifanye ukichukulia hupati. Cha muhimu zaidi ni kwamba ukirudi mwaka wa tatu jina lako lisiwe limepotea, hapo ndo pangekuwa pabaya kuliko kukosa elfu 10 za siku kwa miezi mi4.

Kwa hiyo nyumbani kuna pengo la miezi kama mi4 au mi5 na lazima lizibwe kabla hujaondoka, na hapa nataka ufanye kitu ambacho hujawahi kufanya, uwaambie. Naona kwenye barua yako wewe unakula mlo nusu na hakuna anaejua. Dogo yupo VETA umeme, ana mikono, kijana anaejua kufunga swichi na soketi anaweza kupata vikazi vya jumamosi kwa fundi akajilipia nauli. Mwambie ukweli kwamba nauli yake ilikuwa inatoka kwenye chakula chako. Hataanguka, atakua. Dawa za mama nunua za miezi kadhaa mbele ukipata bumu la semista hii, kodi ongea na mwenye nyumba mlipe kwa vipande. Na chochote kitakachotokea usiguse mikopo ya kausha damu, nakuomba, hata ukiambiwa ni laki 2 tu na utalipa ukipokea yuro, maana posho ya mwezi wa kwanza mara nyingi inachelewa mpaka ufungue akaunti kule, na riba yao haikusubiri. Waulize pia kama tiketi wanakata wao au unakata wewe halafu unarudishiwa, hilo swali liulize wiki hii hii kwa sababu linabadilisha kila kitu.

Visa. Huyo kaka na mtu wake wa ubalozini, mwache. Miadi ya ubalozi wa Ujerumani inaombwa mtandaoni na haiuzwi, na hakuna mtu wa nje anaeharakisha. Wewe unakaa zaidi ya siku 90 kwa hiyo hiyo sio visa ya matembezi, ni visa ya kitaifa, ada yake ni yuro 75 na ukiwa na ufadhili waulize kama unasamehewa. Inaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka miezi 3 kwa hiyo kwa safari ya Aprili wewe ushachelewa kidogo, kimbia. Laki 8! Kwa hela hiyo unapata pasipoti, ambayo ni 150,000, unapanda SGR kwenda Dar na kurudi kwa 62,000 daraja la kawaida, unalipa visa yenyewe na bado mama ananunua dawa. Kama pasipoti huna anza nayo leo, utatakiwa kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi mmoja, na kama cha mama hakipo ndo kuna kuzungukazunguka kwenye viapo, usisubiri.

Sasa hili la kuzamia. Nashukuru umeniambia kwamba na wewe umewaza, ungeficha ningeshindwa kukusaidia. Sikuhukumu, hata mimi nikiwa kule nilimuona dada mmoja wa kwetu amebaki na nilimuonea wivu wiki mbili hivi, mpaka nilipokwenda kulala kwake. Alikuwa anasafisha hoteli usiku kwa malipo ya mkononi, mwenye kazi akimdhulumu hana pa kwenda kushtaki, mama yake alifariki akashindwa kuja kuzika kwa sababu akitoka harudi na akibaki hana raha. Nikikumbuka ile sentensi ya mama yako, "nishazika mtu mmoja", ndo maana nimeogopa. Baba mkubwa alivyosema usirudi, mama alisikia anapoteza mtu wa pili. Mimi naamini hakulia kwa sababu unaenda.

Na kuna hesabu nyingine ambayo baba mkubwa haijui, sio kosa lake, nani angemwambia. Wewe ukizamia unakuwa mtu wa fomu sita, digrii huna, Kijerumani huna, karatasi huna. Ukirudi ukamaliza mwaka wa tatu, kuna masta za Erasmus Mundus, zinasomwa nchi mbili au zaidi, ukipata ufadhili wao hulipi ada na unapewa yuro 1,400 kwa mwezi mpaka miezi 24, na maombi yake mengi yanafunguliwa Oktoba mpaka Januari, na unaruhusiwa kuomba ukiwa bado mwaka wa mwisho. Fikiria wewe Oktoba unarudi Dodoma ukiwa tayari una matokeo ya chuo cha Ulaya na profesa mmoja wa kule anaeweza kukuandikia barua kwa sababu amekuona darasani kwake. Na ukisoma digrii ukaimalizia Ujerumani, sheria yao inakupa mpaka miezi 18 ya kukaa kutafuta kazi ya fani yako, kwa jina lako, ukiwa na haki ya kuja kumuona mama na kurudi. Ndo njia hiyohiyo anayoitaka baba mkubwa ila ina mlango, haipiti dirishani. Zipo na za DAAD pia, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, zile za masta za maendeleo wanataka uwe na uzoefu wa kazi miaka 2, kwa hiyo hizo ni za baadae.

Halafu kuna wenzako. Nafasi mlizopewa ni 2. Makubaliano ya vyuo yanaishi kwa sababu wanafunzi wanaenda na wanarudi, mmoja akipotea chuo cha kule kinaanza kusita, na binti mwingine wa mwaka wa kwanza anaesoma kwa taa ya simu hatajua hata kwa nini tangazo la mwaka huu halikutoka.

Kwa mama nenda wewe mwenyewe, usimalize hili kwenye simu. Nenda alfajiri wakati anakanda, ndo saa yake ya kuongea naona. Mpelekee barua imechapishwa, muonyeshe tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, mwambie kwa mdomo wako "mama mimi narudi, nisikilize mimi, usimsikilize baba mkubwa kwenye hili". Mwambie pia mambo madogo maana mama anatulizwa na mambo madogo. Kwamba kuanzia mwisho wa Machi saa za Ujerumani zinatofautiana na zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo akimaliza biashara utakuwa macho na mtaongea kwenye simu ya dogo. Kama mnaswali, mwambie mwezi wa sita kule jua linazama kama saa 3 na nusu usiku na utapata tabu na magharibi siku za mwanzo, atacheka. Nyama ya halali ipo, maduka ya Waturuki yamejaa kila mji. Na Kiswahili kipo, kuna vyuo vinakifundisha miaka mingi, Hamburg, Leipzig, Bayreuth, utakutana na Mjerumani anakusalimia shikamoo. Ukitua, ndani ya wiki 2 za kuingia kwenye chumba unatakiwa ujiandikishe ofisi ya mji, mtakutana na foleni na makaratasi kama yetu tu, kwa hiyo jifunze Kijerumani cha kuanzia sasa hivi, Deutsche Welle haohao tunaowasikiliza kwa Kiswahili wana masomo ya bure mtandaoni, nusu saa kila siku mpaka Aprili utakuwa unaweza kuomba mkate na kuuliza njia.

Baba mkubwa msikubaliane nae kwa hasira. Ni mkubwa na amefurahi kwa ajili yako, hilo nalo lina thamani, wengi wanapigwa marufuku kabisa. Nenda kwake na mama, mkae, umshukuru, halafu umwambie tarehe ya kurudi bila kubishana nae kuhusu kuzamia. Akilirudia mwambie "baba mkubwa nimeshaweka sahihi ya kurudi, na nataka nimalize digrii mliyonisomesha". Usimuahidi simu wala kiatu.

Wiki 3 zako ziende hivi: kesho idarani na jedwali, keshokutwa afisa mikopo, siku hiyohiyo barua pepe kwa chuo cha kule na yale maswali mawili, tiketi na yale ya 992. Ijumaa panda basi uende Tanga. Idara ikigoma kusaini kabisa usijibu bado, niandikie kwanza, kuna ngazi za juu ya mkuu wa idara na tutaangalia uandike vipi. Ikisaini, jibu unakubali usiku huohuo usisubiri siku ya mwisho, mtandao wa hosteli naujua.